Nyumba Ambayo Haijapekuliwa

Harufu ya ugoro ndiyo iliyonirudisha utotoni. Mwezi uliopita tulikuwa msibani Ulaya, kile kijiji cha njiani kati ya Mikumi na Kilosa, kwa Mzee Sefu, na mjane wake akanikabidhi koti la marehemu. Lilikuwa koti la kaki lililopauka mabegani, mfuko wa kifuani umetanuka kwa kubeba kikopo cha ugoro miaka yote. Akaniambia, "Haya mtani, kazi yenu hiyo." Nikalipokea, nikalinusa bila kukusudia kabla sijalivaa.

Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Sefu ni watani. Kwa asiyejua, akifa mtu wao, sisi ndio wenye ruhusa ya kuvaa nguo zake, kutembea kama alivyotembea, kukohoa kama alivyokohoa, na kuwauliza wafiwa kwa nini wanalia ilhali uji wake haujaletwa. Akifa mtu wetu, wao hutufanyia vivyo hivyo. Watu hucheka huku machozi yanawatoka, na atakayekasirika hutozwa kuku. Mashehe wengine hawapendi, lakini hugeuza uso upande wa pili wakaendelea na kisomo chao. Mimi nimekulia humo, sijapata kuona ajabu, isipokuwa mara moja nilipokuwa na miaka kumi. Siku hiyo mvaaji alikuwa Mzee Sefu mwenyewe, na koti lilikuwa la baba yangu.

Wa rika langu mliokulia Kilosa hamhitaji kuelezwa mafuriko. Mto ulipanda mchana kweupe, watu wanaanika mpunga. Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini wa mtaa wa Mabwerebwere, nyumba ya matofali mabichi aliyoyafyatua baba kwa mikono yake. Maji yaliingia mpaka usawa wa dirisha, yakakaa, yakaondoka yalivyotaka yenyewe. Hatukufiwa na mtu. Kuku wote walikufa, godoro likawa tope, na sisi tukahamia kwenye mahema pale uwanjani pamoja na majirani. Ninachokikumbuka zaidi ni rangi. Kila kitu kilikuwa rangi moja: miti, mabati, mbwa, nyuso za watu. Tope lilipokauka likawa vumbi, na rangi ikabaki ile ile.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, na hemani kulikuwa na kuhara. Baba akaamua mimi nipelekwe Mikumi kwa mdogo wake, Baba mdogo Rajabu, mpaka mambo yatulie. Nililia njia nzima. Kabla sijapanda gari baba aliniinamia akasema, "Unaenda kula chapati za mama mdogo wako, unalia nini? Sisi huku tunakula uji wa msaada." Alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo, kama anayebisha hodi. Akakohoa tena, akanipandisha garini.

Baba mdogo Rajabu alikuwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yalisimama pale, na hewa yote ilinuka mpira ulioungua na dizeli. Nyani walikuja mpaka mlangoni kuiba ndizi. Mkewe, mama mdogo Asha, alikaanga chapati asubuhi akauza kwa madereva. Na ndani, juu ya stuli, chini ya kitambaa alichokifuma mama mdogo mwenyewe, kulikuwa na runinga ndogo na mashine ya gemu. Mashine hiyo baba mdogo aliinunua kwa dereva mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ikiwa na pedi moja tu na gemu moja tu ndani yake.

Siku zile gemu nilizozijua mimi zilikuwa za mpira na za mbio za magari. Hili lilikuwa jingine. Baba mdogo aliliwasha mchana mmoja mvua inanyesha na hakuna lori lililosimama, akanipa nafasi kwenye mkeka. Mlango mzito wa chuma ukafunguka, mtu akatoka chini ya ardhi, akaziba macho kwa mwanga. Halafu macho yake yakazoea na tukaiona dunia yote mbele yake.

Ilikuwa Kilosa.

Sisemi ilifanana. Nasema mimi, mtoto wa miaka kumi, niliitazama ile runinga na nikajua kwa yakini kwamba ile ni Kilosa. Rangi ilikuwa ile ile. Mabati yamekunjamana ile ile. Miti imesimama bila majani, magari yamezama nusu kwenye vumbi, nyumba zimebaki kuta tatu. Upepo ulivuma na hakuna aliyejibu. Niliogopa mpaka nikashika shati la baba mdogo.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamekwisha," akasema. "Walipigana huko duniani mpaka dunia ikaisha. Huyu alikuwa amejificha chini, ndiyo maana hajui lolote."

Kiingereza cha baba mdogo kilikuwa cha madereva, chenye kutosha kusema tairi la mbele na la nyuma. Maandishi ya gemu alikuwa akiyabuni, najua leo. Wakati ule niliyapokea kama Juzuu Amma ya madrasa. Alinifundisha kutembea, kuinama, kufungua milango. Uzuri wa gemu lile, na ubaya wake, ni kwamba hakuna aliyekuambia uende wapi. Ungeweza kutembea mpaka mwisho wa macho yako, na kila ulichokiona kwa mbali ungeweza kukifikia. Mimi ambaye maisha yangu yote nilitumwa dukani na kurudishwa, nilipewa dunia nzima, na ilikuwa maiti.

Kazi yetu ilikuwa kupekua. Tuliingia nyumba za watu waliokufa tukafungua makabati, tukainua vitanda. Kulikuwa na chakula cha kopo, dawa, viatu. Tulivua makoti ya marehemu tukavaa, na koti lilikuongezea nguvu. Mama mdogo Asha akipita na sinia lake alisonya. "Rajabu, unamfundisha mtoto kuvua maiti." Baba mdogo akamjibu kwamba mbona watani wanavua, na mama mdogo akasema watani wana adabu yao, ninyi hamna.

Kanuni zake mbili nilizikariri. Ya kwanza: nyumba ambayo haijapekuliwa huwa ina kitu. "Usiipite," alisema. "Hata kama imeinama, hata kama inatisha, ingia utazame. Mwenye kuipita ndiye anayekufa njaa." Ya pili: kabla hujaingia, sevu, gemu lihifadhi ulipofika. Ukifa humo ndani utarudishwa pale pale uliposevu, una nguo zako na uhai wako, na huyo aliyekuua hatakumbuka. Nilikufa mara nyingi. Mbwa waliobabuka ngozi walinila, paa liliniangukia. Kila mara kiza kilikuja, kisha nikajikuta nimesimama nje ya mlango, mzima, na upepo ule ule unavuma. Nilizoea upesi sana kufa.

Lakini mchezo wangu mimi haukuwa wa baba mdogo. Yeye akienda kuziba pancha, mimi nilitafuta nyumba yetu. Nilifuata kila mto uliokauka, nikahesabu nyumba, nikatazama kama kuna mlango wa bluu. Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba nikiipata nitaingia, nitamkuta baba amekaa kwenye kiti chake cha kamba, ananisubiri nimalize kuchezacheza. Mtoto hana haya kuamini mambo mawili kwa pamoja: nilijua baba yuko hemani, na nilijua yuko mle.

Baada ya wiki kama tatu, baba alipiga simu. Baba mdogo akanipa nizungumze.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unakula?"

"Nakula. Baba, umetoa begi langu la shule?"

Begi lile lilikuwa limening'inia kwenye msumari juu, karibu na kenchi za paa, na nilijua maji hayakufika pale. Ndani yake kulikuwa na daftari zangu na rula ya rangi niliyopewa kwa kuwa wa pili darasani. Baba akakohoa kidogo. Akasema mwenyekiti wa mtaa amekataza watu kuingia kwenye nyumba zilizoloa, kuta zimechoka, na begi jingine litanunuliwa.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi, "Baba, nyumba ambayo haijapekuliwa huwa ina kitu. Usiipite. Ingia utazame."

Baba akacheka. Nakisikia kile kicheko mpaka leo, kilikuwa cha kweli, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Baba mdogo."

"Haya, bosi. Nitatazama."

Nilipotaka kumwambia asevu kwanza, simu ikakatika.

Siku ya tatu asubuhi, mama mdogo Asha alikuwa anasukuma chapati nilipomwona ameuacha mti wa kusukumia katikati ya unga. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, anatazama barabara. Hakulia. Alisema tu, "Vaa viatu, tunakwenda Kilosa." Ndani ya gari ndipo aliponiambia kwamba ukuta umemwangukia kaka yake ndani ya nyumba yetu, na kwamba tukifika tutakuta wamekwisha kuzika, kwa kuwa maiti wa Kiislamu hasubiri. Niliuliza swali moja. Nikauliza alikuwa na nini mkononi. Baba mdogo akanishika kichwa akadhani nimechanganyikiwa.

Sikulia nami. Niseme ukweli, kwani nimeuficha muda mrefu: sikuona kama jambo limekwisha. Nilikasirika kwamba hakusevu. Kisha nikafikiri labda alisevu, baba si mtu wa papara, na kama alisevu atakuwa amesimama mahali nje ya mlango, anajipangusa vumbi. Nilitazama dirishani tangu Ulaya mpaka Kilosa nikimtafuta kando ya njia.

Matanga yalikuwa pale pale uwanjani, mbele ya hema letu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, mama katikati yao amefunikwa kanga, mtoto mchanga amebebwa na mwingine. Nilipoingia hemani kuweka mfuko wangu, nililiona begi. Lilikuwa limewekwa juu ya ndoo, limefutwa vizuri, na kwenye kamba yake moja kulikuwa na udongo mwekundu ambao haukutoka. Sikuligusa. Sikumuuliza mtu limetokaje mle ndani, wala lini. Nilikaa chini nikalitazama.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kikohozi kidogo, cha mtu anayebisha hodi. Nikatoka. Baba alikuwa anakuja katikati ya mikeka, amevaa koti lake la kijani, kofia yake ya kufuma imelalia sikio la kushoto, mkono mmoja nyuma umeshika kiwiko cha mwingine kama alivyotembea siku zote. "Mbona mmejaa hivi kwangu?" anasema. "Nani kafa? Nimetoka shamba tangu alfajiri, hata uji hamniletei?" Wanawake wakaangua kicheko, na mama akacheka ndani ya kanga yake, mabega yanamtikisika, mpaka kicheko kikawa kilio.

Nilikimbia. Nilikanyaga watu. Nilimkumbatia kiunoni nikaficha uso kwenye koti, na nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilikuwa siri yetu, "Baba, ulisevu wapi?"

 Nikahisi mwili wake umesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekutuma begi. Nilikwambia uingie. Sikukwambia kwanza usevu. Nisamehe baba, sitakutuma tena."

Watu hawakusikia, walikuwa wanacheka bado. Mtani akiwa kazini haachi kazi. Akiacha, mzaha unageuka tusi kwa marehemu, na kila mtu angejua kuna lililoharibika. Nililijua hilo baadaye. Yeye aliinama polepole, kofia ikamteleza kidogo, akaweka mdomo karibu na sikio langu. Akakohoa kile kikohozi. Kisha kwa sauti ya baba akasema, "Hukunituma wewe. Niliingia mwenyewe. Mtu mzima hatumwi na mtoto."

Nilipumua. Sijapata kupumua vile tena maishani. Nikamshikilia zaidi, na hapo ndipo iliponijia ile harufu, harufu ya ugoro, na baba hakuwahi kunusa ugoro. Nikashusha macho. Baba alikuwa hana ukucha kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ulitoka na jembe. Miguu niliyoiona ilikuwa ya mzee, mikubwa, imepasuka visigino, na kucha zote kumi zipo.

Nilipiga kelele mpaka wakanibeba. Walidhani ni uchungu wa msiba, na ulikuwa uchungu wa msiba, ila ulichelewa kufika.

Mama, nilipokua, aliniambia mara moja tu kwamba baba alikuwa akiingia mle kila siku kung'oa mbao na mabati ya kujengea upya, mwenyekiti akipiga marufuku na yeye akipita nyuma. Sikumuuliza kuhusu begi, naye hakulitaja. Pengine alilitoa siku ya kwanza. Pengine alilitoa siku ile, akaliweka nje, akarudi kwa ajili ya rula. Mama anajua au hajui, na sisi wawili tumekubaliana bila kusema kwamba tusijue.

Baada ya arobaini nilirudi Mikumi kuchukua nguo zangu. Baba mdogo alikuwa hajaligusa lile gemu. Mchana, akiwa nje na madereva, nikaondoa kitambaa nikaliwasha. Yule mtu alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, mbele ya nyumba yenye mlango uliofungwa. Upepo unavuma. Chakula chake hakijaoza, mstari wa uhai wake umejaa, na hajazeeka hata siku moja. Nilimchukia kuliko ninavyoweza kueleza. Nikazima, nikakirudisha kitambaa cha mama mdogo na maua yake yakiwa juu, na sijashika pedi tena tangu siku hiyo. Watoto wangu wakicheza gemu kwenye simu mimi hutoka nje.

Mzee Sefu nilionana naye mara nyingi baadaye, siku za gulio Ulaya, anasukuma baiskeli yenye magunia. Kwa miaka nilikuwa nikiyabeba yale maneno yake kama dawa. Nilipokuwa nimeshaolewa, siku moja nikapata ujasiri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mchawi wee. Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie. Babu, unakumbuka uliniambia nini kwenye matanga ya baba yangu?"

Akasimamisha baiskeli. Akafungua kikopo, akanusa, akafikiri kwa heshima. "Mjukuu wangu, mimi nimevaa makoti ya watu wengi. Nilisema nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa shamba zuri la jirani.

"Maneno mazuri hayo," akasema. "Nilisema mimi?"

Nilicheka pale mbele yake, kwa kuwa ni mtani, nikaenda kulia nyuma ya mabanda ya mitumba. Maneno yaliyoniweka hai hayakuwa na mwenyewe. Baba hakuyasema, na aliyeyasema hakuyakumbuka.

Na mwezi uliopita yeye akatangulia, kama nilivyomwagiza. Nilivaa koti lake. Nikainama mbele kidogo, mikono imeshika usukani wa baiskeli isiyokuwapo, maana Mzee Sefu hata akienda msikitini alitembea kama anasukuma mzigo. Watu wakaangua kicheko. Nikawatukana watoto wake, nikadai ugoro wangu, nikamuuliza mjane nani kamwoa kwa haraka hivi. Kazi ilikwenda vizuri.

Kisha nikamwona Mwajuma, binti yake wa mwisho, amekaa peke yake karibu na mafiga, sahani ya wali imepoa mbele yake. Alikuwa ametoka Dar es Salaam akafika watu wanatoka makaburini. Alikuwa ameitwa mara tatu baba yake akiwa kitandani, na mara tatu alisema wiki ijayo. Ndugu zake walikuwa wamemwambia hivyo hivyo mbele za watu, bila kumung'unya maneno.

Mtani alitakiwa amzomee. Watu waligeuza shingo wakisubiri. Nilisukuma baiskeli yangu mpaka mbele yake, nikaisimamisha. Nikapeleka vidole puani, nikapiga chafya ya Mzee Sefu, na kwa sauti yake ya kukwaruza nikamwambia, "Mimi nilijua uko njiani. Sikukasirika. Nilichoka kukaa tu."

Sikuwa najua kama ni kweli. Sikuwahi kuwapo karibu na kitanda chake hata siku moja.

Mwajuma akainua uso. Akanitazama machoni muda mrefu, mdomo umefunguka kidogo, na nikaona kifua chake kinashuka kwa pumzi niliyoijua. Kisha, taratibu, macho yake yakaanza kushuka kwenye koti, kifungo kwa kifungo, kuelekea miguuni kwangu.